Chaivu ya saumu imekonda na kukauka katikati: nifanye nini?

SWALI

Kwa mshauri wa bustani,

Salamu kutoka Lanet, Nakuru. Nina kichaka cha chaivu ya saumu, ile yenye majani bapa yanayonukia kitunguu saumu, ambacho jirani alinigawia miaka minne iliyopita. Nilikipanda karibu na mfereji wa nje ya jikoni, kikashika upesi. Mwanzoni majani yalikuwa mapana na laini, tukaacha hata kununua vitunguu vya majani sokoni. Sasa kichaka kimetanuka hadi upana wa karai, lakini majani yamekuwa membamba kama nyasi, ncha zimegeuka manjano, na katikati pamekauka kabisa. Maua meupe ndiyo kinayatoa kwa wingi. Nilipopika mabua ya maua hayo yalikuwa magumu, watoto wakayatema.

Nakitunza kwa uangalifu. Sikitii kisu, jioni nikipika nachuma ncha chache kwa vidole nisije nikakiumiza. Nakinyunyizia majivu ya jiko kila wiki kwa ajili ya wadudu, na maji kidogo kila siku. Hata hivyo mvua ya Aprili ikikolea naona vidoa vya rangi ya chungwa kwenye majani, na jua la Januari likiwaka majani yanapata michirizi myeupe. Nilinunua pia mbegu ili nianze upya, lakini zilizoota ni chache mno.

Nina mengine matatu. Nikiikaanga na kitunguu mwanzoni mwa mchuzi, harufu yote inapotea. Kosa ni lipi? Mama mkwe wangu wa Ahero ameomba miche, na shamba lake ni ule udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Itakubali huko? Na mabaki, naweza kuwapa kuku na mbwa?

Mama wa watatu, Lanet

JIBU

Mama wa watatu, hujambo. Kichaka chako kina uhai kuliko unavyodhani. Kimebanana, kina njaa, na hakijawahi kukatwa inavyopaswa. Hayo matatu ndiyo yanayokondesha majani na kukausha katikati. Dawa yake ni kisu na jembe uma, kwa hiyo usinunue mbegu nyingine kwanza.

Fukua udongo kidogo kwa kidole pembeni mwa kichaka. Utaona majani kadhaa yametoka kwenye shingo moja nyeupe, nyembamba, iliyovikwa nyuzi za kahawia zilizosukana. Chini ya shingo hizo kuna tunguu, yaani shina linalotambaa kwa ulalo ndani ya udongo, na mizizi imening'inia chini yake. Jani la mmea huu hukua kutoka chini, kwenye shingo. Ncha ikishachumwa haioti tena. Pale ulipochuma panakauka, na ukavu unashuka. Sehemu kubwa ya manjano unayoiona imetokana na vidole vyako. Vipande vya majani yaliyokomaa vinabaki vimesimama, vinazuia mwanga usifike kwa machipukizi mapya, na wadudu wanapata maficho. Ulikionea huruma, mama, lakini mmea huu unataka kukatwa wote kwa mara moja, karibu na ardhi, kisha uachwe upumzike.

Tunguu nalo kila mwaka linatoa machipukizi kando, kwa hiyo kichaka kinatanuka kwenda nje huku sehemu ya zamani ya katikati ikichakaa. Baada ya miaka mitatu au minne machipukizi yanakuwa mengi mno kwa udongo ule ule, kila moja likipata maji na chakula kidogo, na jani linakuwa jembamba. Hapo hakuna mbolea itakayosaidia kabla hujakigawanya.

Gawanya mvua ndefu zikishashika, Aprili kwa huko Nakuru. Ukiwa na maji ya mfereji unaweza kufanya mwezi mwingine wowote, ila usifanye katika jua la Januari na Februari. Siku moja kabla, mwagilia vizuri ili udongo ulegee. Kata majani yote yabaki sentimita 5. Chomeka jembe uma umbali wa kiganja kimoja nje ya kichaka, lizame sentimita 15 hadi 20, kisha nyanyua kichaka kizima; ukikivuta kwa mkono shingo zitakatika na mizizi kubaki chini. Kung'uta udongo au suuza kwenye ndoo ili uone matunguu. Yatenganishe kwa mikono, na pale yalipokamatana tia kisu chenye makali. Kila kipande kiwe na machipukizi matano hadi manane na mizizi yake. Sehemu ya katikati iliyokauka, na tunguu lolote lililo laini na la kahawia ndani, tupa. Mizizi mirefu ipunguze ibaki sentimita 5 hivi, la sivyo itajikunja shimoni.

Usivirudishe pale pale. Sehemu ya karibu na mfereji huwa na maji yanayotuama, na udongo huo umeshachoka. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, ambapo hapajapandwa vitunguu wala saumu hivi karibuni, kwa sababu ukoo huu wote unashambuliwa na magonjwa yale yale. Lima kina cha sentimita 20, changanya nusu debe ya samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba. Panda vipande sentimita 25 kimoja hadi kingine, mistari ikiachana sentimita 30, sehemu nyeupe ya shingo ikiwa imefunikwa sentimita 2 au 3 hivi. Shindilia kwa mkono, mwagilia, na uweke kivuli chepesi cha matawi kwa siku nne au tano. Kisha usiguse kisu mpaka majani yafike sentimita 20 hadi 25, jambo linalochukua wiki sita hadi nane. Ukikata kabla ya hapo, mmea utaishiwa akiba iliyo kwenye tunguu wakati mizizi bado haijashika.

Kutoka kichaka cha upana wa karai utapata vipande vingi kuliko unavyohitaji. Panda angalau sita. Idadi hiyo ina sababu yake: mmea huu unahitaji wiki nne hadi sita kujijenga upya baada ya kukatwa, na ukiwa na vichaka sita unakata kimoja kila wiki, kila kimoja kinapata mapumziko ya wiki sita, nawe hukosi majani. Shika kichaka kwa mkono mmoja, kata chote sentimita 2 au 3 juu ya ardhi kwa kisu kikali. Ukikata chini zaidi unajeruhi shingo. Ukikata juu zaidi unaacha visiki vya majani vinavyooza mvua ikinyesha. Kiangazi ukuaji ukipungua, ongeza mapumziko badala ya kukata yaliyo mafupi. Dalili ya kukatwa mara nyingi mno ni majani kurudi yakiwa machache na mafupi kila awamu.

Chakula kinachohitajika zaidi ni naitrojeni, kwa kuwa unavuna majani. Udongo wa Lanet na sehemu kubwa ya Nakuru ni mwepesi, wa asili ya volkeno. Maji yanapita upesi na naitrojeni inateremka nayo. Ndiyo maana napendelea kulisha kidogo kidogo. Baada ya kila kukata, tandaza konzi mbili za samadi au mboji kuzunguka kichaka. Majani yakiendelea kuwa na kijani kilichopauka, nyunyiza kijiko kimoja cha mezani cha CAN, mbolea ya dukani ya punje yenye naitrojeni, kwa mita moja ya mraba, katikati ya mistari, kisha mwagilia papo hapo. Punje zikikaa kwenye majani yenye maji huyaunguza. Samadi ya kuku itumie tu ikiwa imeoza miezi miwili au mitatu, kwani mbichi inaunguza mizizi. Na mbolea yoyote ya samadi iliyolowekwa majini uimwage udongoni mara tu baada ya kukata, kamwe usiimwage juu ya majani utakayoyala.

Majivu yaache. Hayana naitrojeni, kwa sababu naitrojeni huondoka kuni zinapoungua, na ukiyamwaga kila wiki kwa miaka yanaupa udongo alikali (kinyume cha asidi) nyingi kuliko mmea huu unavyotaka. Udongo ukifika huko, madini ya chuma hayapatikani kwa urahisi na majani machanga hutoka ya manjano hata ukiweka mbolea. Konzi moja kwa mwaka haidhuru kitu, ila ya kila wiki ni mengi mno. Maji nayo yapange upya: badala ya kulowesha juu juu kila siku, mwagilia mara mbili kwa wiki mvua isiponyesha, lita 10 kwa mita ya mraba, yafike kwenye mizizi. Tandaza nyasi kavu kina cha sentimita 5, zisigusane na shingo.

Vidoa vya rangi ya chungwa ni kutu, ugonjwa wa ukungu unaopenda majani yanayokaa na unyevu kwa muda mrefu kwenye baridi. Kichaka kilichobanana hakipitishi hewa, na wewe ukimwagilia juu ya majani jioni unaulisha ugonjwa. Ukiona vidoa, kata kichaka chote hadi chini, choma majani hayo au yafukie mbali. Usiyatie kwenye mboji. Machipukizi mapya kwa kawaida hutoka safi. Osha kisu kwa maji ya sabuni kabla ya kuhamia kichaka kingine. Kuanzia sasa mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo.

Michirizi myeupe ya Januari ni kazi ya thripsi, wadudu wa urefu wa milimita 1 hadi 2 wanaokwangua ngozi ya jani na kufyonza utomvu. Pasua majani pale yanapoungana kwenye shingo uangalie ndani. Hapo ndipo wanapojificha, wa rangi ya manjano au kahawia. Wanazaana haraka kwenye joto na ukavu. Hapa pia kukata chote na kuondoa majani ni nusu ya dawa, kwani unaondoa wengi wao na chakula chao. Kinachochipuka kinyunyizie kwa nguvu maji matupu, na wakirudi tumia kijiko cha chai cha sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha katika lita 1 ya maji, jioni, ukielekeza kwenye shingo. Jaribu kwanza kwenye kichaka kimoja uone kama majani hayaungui. Dawa kali za dukani sizipendekezi kwa kitu unachokata kila wiki na kukila kibichi.

Kuhusu maua, mabua yanalika, tena ni matamu, ila yana wakati wake. Yakate tumba likiwa bado limefungwa kwa ngozi yake nyembamba. Pinda bua karibu na chini: likivunjika kwa mlio ni changa, likipinda bila kuvunjika tayari lina nyuzi. Kata vipande vya sentimita 4, kaanga dakika mbili kwa moto mkali pamoja na vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe. Maua yaliyofunguka yanaweza kunyunyizwa juu ya kachumbari, lakini usiyaache yazae. Mbegu nyeusi zikianguka zitaota kati ya mawe na ndani ya matuta mengine, na kuzing'oa ni kazi, kwa kuwa tunguu dogo likibaki linachipuka tena. Huko Australia mmea huu umekuwa gugu baadhi ya mahali kwa njia hiyo.

Mbegu zako huenda zilikuwa nzee tu. Mbegu za ukoo wa vitunguu hupoteza nguvu upesi, na hizi baada ya mwaka mmoja hadi miwili si za kutegemea, hasa zikikaa dukani kwenye joto. Ukitaka kujaribu tena, soma tarehe ya paketi, weka mbegu 10 kwenye karatasi ya shashi iliyoloa, uifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Zisipoota hata nusu ndani ya wiki tatu, rudisha dukani. Lakini kwa mwenye kichaka, kugawanya ni haraka kuliko mbegu kwa miezi mingi.

Kabla ya kuingia jikoni, tahadhari moja kwa anayepewa mche na mtu. Yako maua madogo ya bustani yenye majani membamba bapa yanayofanana sana na haya, nayo yana sumu. Chaivu ya saumu ukiifikicha inanuka saumu papo hapo, na ua lake ni mkusanyiko wa vinyota vingi vyeupe juu ya bua moja, si ua moja kubwa. Jani lisilonuka, usilile.

Harufu inapotea kwako kwa sababu inazaliwa pale jani linapokatwa au kufikichwa, na ni nyepesi, inatoka na mvuke. Ukiikaanga dakika kumi na kitunguu cha kawaida unabaki na rangi ya kijani tu. Kitunguu kianze, nyanya zifuate, mchuzi uive. Chaivu iingie mwisho kabisa, geuza sekunde 30, hata dakika moja isifike, uepue. Kwa samaki wa mchuzi au omena iliyokaangwa, mwaga juu ukishaepua na ufunike sufuria. Kwa mayai 3 tia konzi moja iliyokatwa vipande vya sentimita 1: pitisha kwanza kwenye mafuta ya moto mpaka ilegee, kisha mimina mayai mara moja.

Wachina huijaza kwenye maandazi madogo ya kuchemsha, na ujanja wao unafaa kwa sambusa zetu. Majani haya yakikutana na chumvi hutoa maji, na maji yanalowesha manda mpaka inapasuka kwenye mafuta. Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga, pika nyama na viungo vyake pamoja na chumvi yote, iache ipoe kabisa. Kikombe kimoja cha chaivu iliyokatwa kichanganye kando na kijiko kimoja cha mafuta, ndipo uchanganye na nyama, na ufunge sambusa muda huo huo. Kwa chapati, sukuma donge, paka mafuta, nyunyiza chaivu na chumvi kidogo, kunja kwa mzunguko kama kawaida na usukume tena. Chaivu ioshe mapema na uikaushe kwa kitambaa, la sivyo tabaka zitashikana.

Kata kiasi cha siku hiyo. Ikibaki, usiioshe, ifunge kwa karatasi kavu ndani ya mfuko na uiweke kwenye friji mbali na maziwa, itakaa siku tano hivi. Iliyokatwakatwa inagandishika vizuri. Kuianika sikushauri, inabaki haina ladha. Wala usiiloweke kwenye mafuta na kuiacha kabatini, maana ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo vijidudu vya botulizimu vinaweza kutoa sumu isiyoonekana wala kunuka.

Mbwa usimpe hata kidogo, na paka vile vile. Ukoo wa vitunguu, mbichi au uliopikwa, unaharibu chembe nyekundu za damu yao. Kuku nao usiwatupie. Ng'ombe wa maziwa akila, harufu inaingia kwenye maziwa, na akila kwa wingi anadhurika. Mabaki safi yasiyo na kutu yapeleke kwenye mboji.

Kwa mama mkwe, Ahero inafaa, mradi mizizi isikae majini. Joto la uwanda wa Kano haliizuii kumea, ila udongo ule mweusi ukishiba mvua hauna hewa, na tunguu linaoza: majani yanalegea na kugeuka manjano yote kwa pamoja, na ukivuta shingo inatoka mkononi ikiwa laini na yenye harufu mbaya. Aiinulie tuta la sentimita 30, achanganye madebe mawili ya udongo wake, debe moja la mchanga wa mto na debe moja la samadi iliyooza. Maji yakiwa yanafurika kwake wakati wa mvua, apande kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu sita chini na kuwekwa juu ya mawe, vichaka vitatu kwa ndoo. Ndoo inakauka haraka kuliko tuta, kwa hiyo kiangazi aitazame kila asubuhi, achomeke kidole, na amwagilie udongo ukiwa mkavu hadi kiungo cha pili. Kivuli cha alasiri, upande wa mashariki wa nyumba, kitasaidia Januari hadi Machi, na ndoo aigawanye kila baada ya miaka miwili.

Siku ya kusafiri ng'oa vipande asubuhi, kata majani yabaki sentimita 5, funga mizizi kwa gazeti lililoloa na uviringishe kwa mfuko wa plastiki, majani yakiwa nje. Vitavumilia siku mbili au tatu kivulini. Visiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.